Chakula cha Wanaorudi Kesho

Mtu akikualika kula Kichina, muulize kwanza: Kichina cha nani? Dar es Salaam ya leo ipo hoteli yenye taa nyekundu mlangoni, tangi la samaki wa rangi na menyu ya picha, ambako kuku wa mchuzi mtamu huletwa pamoja na bili inayoweza kulisha nyumba juma zima. Ipo na nyingine, isiyo na kibao cha Kiswahili wala cha Kiingereza, ambako mafundi wa barabara na wauza vipuri waliotoka China huingia saa sita na nusu, kofia za kazi mikononi, wakala bila kutazama orodha yoyote, wakalipa, wakaondoka. Huenda wapishi wa hoteli hizi mbili wametoka mkoa mmoja, huenda hata wanajuana. Tofauti yao iko mezani. Wa kwanza anampikia mtu aliyekuja kusherehekea siku ya kuzaliwa, ambaye hatamwona tena mpaka mwakani. Wa pili anampikia mtu wa kesho na keshokutwa, na siku mtu huyo asipotokea, mpishi atajiuliza supu ya jana ilikuwa na nini.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoishika kila njaa inaponikuta katika mji nisioujua, hasa miji ya Asia, na hasa mfuko ukiwa mwepesi. Wasafiri hupenda kusema wanatafuta chakula halisi, tena cha bei nafuu, wakiyataja mambo hayo kana kwamba ni bahati mbili zinazokutana mara chache. Mimi naona ni bahati moja. Chakula cha watu wanaokila kila siku hakiwezi kuwa ghali, maana hakuna wa kulipia karamu kila mchana. Na hakiwezi kuwa cha kubabaisha, maana wanaokila wamekulia nacho. Mteja wa kila siku ndiye anayeizuia bei isipande na ladha isishuke. Mgeni akibahatika, amebahatika kukaa kwenye meza ya mtu huyo.

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Jonathan Gold, ambaye mwaka 2007 alikuwa mhakiki wa kwanza wa vyakula kupata Tuzo ya Pulitzer, alianza kwa kula hoteli baada ya hoteli katika barabara moja ndefu ya Los Angeles, Pico Boulevard, kisha akawa mtu wa vitongoji vya San Gabriel Valley, ambako wahamiaji kutoka Taiwan, Hong Kong na China bara walipikiana wenyewe kwa wenyewe. Mchumi Tyler Cowen, katika kitabu chake cha 2012, anatoa ushauri wa kiuchumi: fuata pango la chini. Penye pango kubwa mpishi hulazimika kumpendeza kila mtu. Pembezoni, katika safu ya maduka yaliyochakaa, anaweza kuwapikia watu wake tu. Ushauri mzuri, kwa mwenye gari. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou hawana gari wala hawana haja ya wahakiki, na fumbo hili walikwisha kulifumbua.

Guangzhou ni mji wa Wakantoni, watu wasiochagua sana katika viumbe vya majini na nchi kavu. Kwa Mwislamu aliyetoka Tanga au Unguja, sifa hiyo ni tatizo la kila siku saa sita mchana. Anayekwenda kununua vipuri, viatu au mapazia, au kuhudhuria yale maonyesho makubwa ya Canton yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, kabla hajapata ghala hutafuta kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Vibao hivyo vimejaa Xiaobei na mitaa ya jirani, ambako miaka mingi wafanyabiashara wa Kiafrika wamefikia. Chini ya kibao kuna meza chache za chuma, na nyuma ya meza kuna kijana mwenye kofia nyeupe anayevuta unga.

Kumtazama ni sehemu ya mlo. Huchukua donge, akalivuta mpaka urefu wa mikono yake miwili, akalikunja, akalivuta tena. Kila mkunjo huzidisha nyuzi mara mbili, kwa hiyo mikunjo saba inampa tambi 128, na yote hayo yamekwisha kabla hujapata pa kuweka mkoba. Unachagua unene unaoutaka: nyembamba, pana, hata za pembe tatu. Bakuli likija lina supu nyepesi ya mifupa ya ng'ombe, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani mabichi ya giligilani na vitunguu saumu, na tambi zenyewe zenye umanjano. Rangi hizo tano ndizo sharti la tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, na husimuliwa kwamba aliyeziweka katika umbo hilo ni Mwislamu wa kabila la Hui aitwaye Ma Baozi, mwaka 1915.

Sasa, wengi wa wanaouza tambi hizo katika miji ya China hawajazaliwa Lanzhou. Wametoka Hualong, wilaya ya milimani katika mkoa wa jirani wa Qinghai, ambako jamaa mmoja alipofungua hoteli mjini alimwita ndugu yake, na ndugu akamwita shemeji, mpaka biashara ikawa yao nchi nzima. Mtu wa Lanzhou atakwambia kwa uchungu kwamba supu yao siyo, na huenda ana haki. Lakini tazama nani amekaa: Mhui wa Qinghai, Muiguri wa Kashgar, Myemeni, Msenegali, na mama wa Kariakoo mwenye daftari la oda pembeni ya bakuli. Kila mmoja anadai jambo asiloweza kulisamehe, nalo ni kwamba nyama iwe imechinjwa inavyostahili. Mpishi akicheza na hilo mara moja, mtaa mzima utajua kabla ya alasiri. Siwezi kutamka kwamba chakula hicho si halisi kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mpishi kimeandikwa mkoa wa pili.

Chennai, India, nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Mama mdogo alipelekwa huko kutibiwa, kama wanavyopelekwa Watanzania na Wakenya wengi, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Kuzunguka barabara ya Greams kuna nyumba za wageni zilizojaa watu wa namna yetu: Waarabu wa Oman, Wabengali, Wanigeria, familia kutoka Mbeya na Mombasa, kila moja na mgonjwa wake na bahasha kubwa ya picha za eksirei. Wengine huja na unga wa sembe kwenye sanduku na kupika ugali katika jiko la pamoja. Kwa watu hawa bei ya chakula ni hesabu nzito. Kila rupia inayobaki mezani ni rupia ya kipimo kinachofuata, na hakuna ajuaye vipimo vitakuwa vingapi.

Hoteli ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya wageni, yenye biriani, chipsi na tambi za Kichina katika orodha moja. Nayaogopa sana maorodha ya namna hiyo. Mpishi anayejua kila kitu hajaulizwa na mtu swali gumu. Kijana wa mapokezi ndiye aliyetuonyesha barabara ya nyuma, kwenye kihoteli cha aina ambayo wenyewe huiita mess, ambako mlango umebandikwa tangazo moja tu, kwamba mlo uko tayari. Ndani hakuna cha kuchagua. Unakaa, unawekewa jani la mgomba, unalinyunyizia maji na kulifuta kwa kiganja. Wahudumu hupita na ndoo za chuma wakikujazia: wali, mboga mbili tatu za nazi au za kukaanga, achari, papadi. Wali huliwa kwa awamu. Kwanza kwa sambar, mchuzi mzito wa mbaazi zilizokobolewa, ukwaju na mboga. Kisha kwa rasam, mchuzi mwepesi wenye pilipili manga unaofungua pua. Mwisho kwa mtindi, ili tumbo lipoe. Ukimaliza unakunja jani kuelekea kwako. Kabla ya hapo ndoo zitaendelea kuja, na bei ni ile ile.

Siku ya kwanza mhudumu alituletea vijiko. Ni heshima, ila ni heshima ya mgeni, na kwa kawaida huja na sambar iliyopunguzwa makali. Mama mdogo alikirudisha chake kwa adabu, akaenda kunawa, akarudi akala kwa mkono wa kulia kama alivyolelewa Pangani, akikusanya wali kwa ncha za vidole bila kuuchafua mkono. Mwenye hoteli alikuwa akitazama kutoka kaunta. Kuanzia kesho yake vijiko havikuja tena, na pilipili ilikuja yote. Naye mama mdogo alianza kuwa na masharti: rasam ya Jumanne ilikuwa bora, papadi ya jana ilikaa kwenye unyevu. Alimweleza mhudumu haya kwa Kiswahili na kwa mikono, na nadhani yalifika, maana papadi zilirekebishwa.

Chini ya bei hiyo kulikuwa na bei nyingine. Februari 2013 serikali ya Tamil Nadu chini ya Waziri Kiongozi Jayalalithaa ilianzisha Chennai vibanda vya chakula viitwavyo Amma Unavagam, vinavyoendeshwa na manispaa na kupikiwa na wanawake wa vikundi vya kusaidiana. Idli, vile vikate laini vya mchele na urad, jamii ya choroko, vinavyochachushwa usiku na kuivishwa kwa mvuke, ziliuzwa rupia 1 kila moja. Wali wa sambar rupia 5, wali wa mtindi rupia 3. Wachukuzi, madereva wa bajaji, wanafunzi na ndugu wa wagonjwa katika hospitali za serikali walipanga foleni pamoja. Hakuna mpishi duniani anayeweza kupata faida kwa bei hizo. Tofauti ililipwa na hazina, na Jayalalithaa, ambaye watu walimwita Amma, yaani mama, alipata picha yake ukutani na kura zake kwenye sanduku. Siasa, ndiyo. Lakini sijui siasa nyingi zinazoliwa zikiwa moto saa moja asubuhi.

Ni pale nilipoanza kuitilia shaka furaha ya msafiri anaporudi nyumbani akijisifu kwamba alikula vizuri kwa senti chache. Chakula rahisi kimelipiwa na mtu. Kama si mlaji, ni mwingine, na inafaa kuuliza jina la shughuli yake.

Chukua huo mchuzi wa mbaazi unaoongezwa mpaka ukunje jani. India hula mbaazi kuliko nchi yoyote, na mavuno yake mwenyewe hayatoshi, kwa hiyo hununua Msumbiji, Malawi, Myanmar na Tanzania. Kwetu mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi cha watu wa pwani, pamoja na mahamri, lakini mkulima wa Babati au wa Lindi anapopanda ekari kadhaa halengi kifungua kinywa cha Tanga. Analenga India. Mwaka 2015 na 2016 bei ya mbaazi ilipaa India mpaka ikawa kelele za magazeti. Wakulima wa huko wakapanda kwa wingi, mvua ikawa nzuri, mavuno yakafurika na bei ikaporomoka. Agosti 2017 serikali ya India ikawalinda wakulima wake kwa kuweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi za kuingizwa kwa mwaka. Tangazo hilo lilitoka huku mbaazi za kwetu zikiwa zinavunwa au zikiwa tayari kwenye magunia. Bei shambani ilianguka vibaya, wengine wakaacha mazao yao bila mnunuzi. Mlaji wa Chennai aliendelea kuongezewa mchuzi. Sisemi aliufurahia bure. Naye ni kibarua anayetaka kushiba. Nasema tu kwamba kati ya jani lake na shamba la Babati kuna mtu mmoja anayepumua kwa nafuu pale mwenzake anapokabwa.

Singapore wameliamua swali la nani alipe kwa uwazi wa kiserikali. Wachuuzi wa vyakula mitaani waliandikishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kati ya 1971 na 1986 wakahamishiwa kwenye mabanda makubwa yenye maji, umeme na mifereji, na wale wa kizazi cha kwanza wakapewa pango la ruzuku. Ndiyo maana katika mji ambao chumba cha kupanga ni msiba, bado unaweza kula wali wa kuku wa Kihainani au biriani ya Waislamu wa Kihindi pale Tekka bila kuumia. Mwaka 2016 mwongozo wa Michelin ulimpa nyota Chan Hon Meng, aliyekuwa akiuza kuku wa mchuzi wa soya na wali kwa takriban dola 2 za Singapore, na foleni yake ikawa habari ya dunia. Desemba 2020 UNESCO wakauandika utamaduni wa mabanda hayo katika orodha yao. Sifa zote hizo hazijawashawishi vijana. Wachuuzi wanazeeka, kazi huanza alfajiri na haina likizo, na mteja anayesifu urithi wa taifa ndiye huyo huyo anayenuna bakuli likipanda senti 50.

Kununa huko kuna historia. Krishnendu Ray, mwanazuoni wa New York, katika kitabu chake cha 2016 alilinganisha bei ambazo wakazi wa mji huo wako tayari kulipia vyakula vya mataifa mbalimbali. Kifaransa na Kijapani viko juu, Kichina, Kihindi na Kithai viko chini, na ufundi unaohitajika jikoni hauelezi pengo hilo. Linaelezwa zaidi na hadhi ya nchi na umaskini wa wahamiaji wake. Wajapani wenyewe walipanda ngazi hiyo kadiri uchumi wao ulivyopanda; kuvuta tambi kwa mkono kumebaki kazi ya watu ambao jirani amewazoea wakiwa maskini. Tunapodai kwamba chakula halisi cha Kiasia lazima kiwe rahisi, sehemu ya dai letu ni elimu kuhusu mteja wa kila siku, na sehemu nyingine ni dharau iliyovaa nguo za ujuzi. Nami sina uhakika kila mara ni ipi inayozungumza ninapotembea mitaa mitatu zaidi nikitafuta bakuli la bei ya chini.

Uingereza ndiko fumbo la uhalisi lilikopigwa mafundo mengi zaidi. Hoteli nyingi wanazoziita za Kihindi zimekuwa za watu wa Sylhet, Bangladesh, ambao watangulizi wao walikuwa mabaharia walioshuka melini na kuanza kupikia wenyeji. Walijifunza upesi Mwingereza anataka nini akitoka baa usiku: mchuzi mzito, mtamu kidogo, wenye krimu, na majina ya ukali yaliyopangwa kwa ngazi. Wakampa. Nyuma ya mlango wa jikoni, saa ya wafanyakazi kula, sufuria nyingine hufunuliwa: samaki na wali, au nyama iliyopikwa na shatkora, jamii ya ndimu ya kwao yenye ganda chungu. Mpishi yule yule, moto ule ule. Aliyetumwa kutafuta chakula halisi cha Bangladesh mjini London hana haja ya kubadilisha hoteli. Ana haja ya kupita ule mlango, na mlango haupitwi kwa kuomba tu.

Wembley, kwenye barabara ya Ealing, mlango uko wazi na wanaokula ni wetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na zaidi ya 27,000 wakapokewa Uingereza. Wa Kenya walikuwa wamekwisha kuanza kuhama miaka michache kabla yao. Walikwenda na bizari zao za Gujarat na mazoea ya Kampala, Kisumu na Mombasa, ndiyo maana katika hoteli za mtaa ule, pembeni ya dhokla na kachori, kuna kuku paka, bajia za viazi za Nairobi, na muhogo. Mtalii aliyetoka kutafuta India halisi ataruka mistari hiyo ya menyu, na kwa vipimo vyake hajakosea.

Nilikaa hapo meza ya pili kutoka kwa wazee wawili wa Kihindi waliokuwa wakigombana kwa Kiswahili juu ya sahani moja.

"Muhogo ni chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Basi," alisema aliyetoka Mombasa. "Hii mambo ya nyanya na vitunguu saumu imetoka wapi?"

"Nairobi, bhai. Parklands tulikula hivi hivi."

"Parklands!" Alilitamka jina hilo kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. Wakamwita kijana mwenye hoteli aamue.

Kijana aliwajibu kwa Kiingereza kwamba yeye amezaliwa kilomita mbili kutoka pale, muhogo unatoka kwenye friza, jana walibishana hivyo hivyo na juzi pia, na anayetaka ndimu ziko kaunta. Mzee wa Mombasa akainuka, akachukua mbili.